Sindano ya Mahona

Kaka yangu Mahona aliishia darasa la nne, lakini pale kijijini kwetu Lingeka watu walimwita daktari, naye aliitika. Nasema hivi nikiwa nampenda. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, alinibeba mgongoni hadi zahanati nilipougua surua, na hata leo akishuka hapa kwangu Somanda, mjini Bariadi, siwezi kumwacha aondoke bila kula. Ila kumpenda mtu ni kitu kimoja na kumfichia ni kingine, na yeye mwenyewe ameshanikataza kumfichia.

Udaktari wake ulianza kwa ng'ombe. Zamani tulikuwa na bwana mifugo wa serikali, Constantine, mtu wa Bukoba aliyekuwa akizunguka vijijini na baiskeli na boksi la dawa. Ng'ombe waliogeshwa kwenye josho, walichanjwa, na aliyeumwa alichomwa sindano mpaka dozi iishe. Mahona alikuwa kijana mwenye nguvu, kwa hiyo ndiye aliyemshikia Constantine pembe za ng'ombe. Alitazama sindano inaingia wapi, inaingia kiasi gani, na akajiona amehitimu.

Kisha serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi. Constantine akapunguzwa, akafunga mizigo yake akarudi kwao. Josho likakauka, mbuzi wakawa wanapumzika ndani yake. Na wakati huohuo maduka ya dawa yakaota Mwanhuzi na Bariadi kama uyoga, maana redio ilikuwa imeshatangaza kwamba biashara ni huria na kila mtu auze anachoweza. Aliyekuwa na rafu mbili na kaunta alikuwa muuza dawa. Dawa za watu na dawa za ng'ombe zilikaa rafu moja, na hakuna aliyekuuliza cheti cha daktari. Mahona akanunua bomba la sindano na chupa ya ile dawa ya njano ya ng'ombe, akarudi nayo nyumbani akitembea kifua mbele.

Alikuwa na utaratibu wake, na ndio huo ninaotaka uuelewe. Ng'ombe akiugua, Mahona anamchoma. Ng'ombe akisimama na kuanza kula, Mahona anaacha. Dawa iliyobaki anaifunga kwenye kitambaa na kuichomeka kwenye nyasi za paa, imsubiri mgonjwa mwingine. Constantine alikuwa akimchoma mnyama siku zote zinazotakiwa, hata kama mnyama anarukaruka, na kaka yangu siku zote aliona ule ni ufujaji.

"Ameshapona, unamchoma nini tena?" alikuwa akiuliza. Nasi tulikubaliana naye, maana pale kwetu dawa ni kama chumvi, ukishaonja imekolea unaacha kutia.

Kutoka kwa ng'ombe akahamia kwa watu bila mtu kushtuka. Alianza na jipu la baba yetu mdogo, Shigela. Likafuata kohozi la fulani na homa ya fulani, kisha vijana waliorudi mnadani na maradhi wasiyoweza kuyataja mbele ya mama zao. Wengine aliwachoma, wengine aliwapa vidonge vya rangi mbili, viwili leo, kimoja kesho, basi. Kwa vidonda alikuwa na ufundi zaidi: anakifungua kile kidonge katikati, unga wake anaunyunyiza juu ya kidonda. Kinakauka juu, kinapendeza, na mgonjwa anaondoka anamsifu. Kilichokuwa kikiendelea chini ya lile ganda hatukukiona.

Sasa nije kwenye moto. Huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Pamba ya Lingeka ilikuwa ikipelekwa chama cha msingi cha ushirika na kulala ghalani huko, lakini chama kilikuwa kimeyumba na wanunuzi binafsi walikuwa wanakuja na malori yao siku wanazotaka wao. Kila mtu alikaa na pamba yake nyumbani akisubiri lori la mwenye bei nzuri. Kwa Mahona ilijaa chumba cha watoto hadi karibu na paa. Watoto walifurahi kupata godoro ambalo hawajawahi kuliona. Hata kuku waliifurahia, wakawa wanapanda juu yake kutaga.

Jioni moja, kabla ugali haujaiva, Salu alichukua koroboi akaingia kumtafuta kuku wake aliyekuwa anaatamia mle ndani. Salu ndiye binti mkubwa wa kaka yangu, alikuwa amekaribia kumaliza darasa la nne, mtoto mwembamba, mpole, mwenye kufikiri sana kabla ya kusema. Mwali wa koroboi uligusa pamba, na pamba haikumpa nafasi. Alikuwa amevaa gauni la mtumba la nailoni, lenye maua, ambalo mimi mwenyewe nilimpelekea kutoka Bariadi, na lile gauni likayeyuka likamshika mwilini. Alitoka akikimbia. Kifua, tumbo na mkono wote wa kulia vilikuwa vimeungua.

Jirani yao, mayu Nyanjige, yaani mama kwa Kisukuma, ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuwa mjane mzee asiye na mtoto, anaishi peke yake ng'ambo ya zizi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka yote aliyopikia kinyesi cha ng'ombe kwa sababu ya uhaba wa kuni. Alimlaza Salu chini, akamwagia maji ya mtungi, akaagiza mengine, akamwagia tena. Watu walitaka kumpaka majivu, mwingine akaleta yai. Mzee yule akawafukuza wote.

"Mpeleke hospitali, Mahona," alimwambia kaka yangu.

"Hospitali wana nini ambacho mimi sina?" kaka yangu akajibu.

Haya nilisimuliwa baadaye na wifi yangu Monika, mama yake Salu, ambaye siku hiyo alikuwa na kichanga cha siku chache na hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Alisimulia akiwa hanitazami. Mahona alimchoma Salu ile dawa ya njano ya ng'ombe. Homa ikashuka, akaacha. Homa ikapanda, akaenda Mwanhuzi akanunua sindano za watu, akamchoma, homa ikashuka, akaacha tena. Vidonda akavinyunyizia unga wa rangi mbili mpaka vikafunga ganda. Ganda lilipoanza kutoa harufu, akabadilisha vidonge, akanunua aina nyingine ambayo muuza duka alimwambia ni kali zaidi. Wiki ya kwanza ikapita na ya pili ikaisha. Salu alipoacha kula ndipo alipompakia kwenye lori la mnunuzi wa pamba.

Humo ndani ya lori, kama alivyokuja kuniambia mwenyewe, alimwambia mtoto, "Usiseme habari ya sindano. Watatufukuza." Salu akaitikia kwa kichwa.

Hospitali sitaitaja jina. Waliopo leo siyo waliokuwepo siku zile, na sitaki mtu anifuate na maneno. Nilifunga biashara yangu ya kushona, nikaenda kumuuguza, maana Monika alibaki na kichanga. Nilimkuta kaka yangu amesimama mbele ya kijana mmoja, Daktari Keneth, aliyekuwa akimuuliza kwa upole.

"Mzee, kabla ya kuja hapa mtoto alipewa dawa gani?"

"Hakuna, daktari. Maji na asali tu."

"Hata kidonge kimoja?"

"Sisi wa kijijini vidonge tutavitoa wapi?"

Nilijua anadanganya. Nilikuwa sijasikia lolote bado kutoka kwa Monika, lakini namjua kaka yangu, akidanganya anajifanya mnyonge. Nilipombana nje, kwenye mafiga ambapo sisi wauguzaji tulikuwa tunapika, aliniuliza kama nadhani yeye ni mjinga. Nikamwambia ndiyo. Akaondoka, akaenda kukaa chini ya ukuta peke yake. Niseme kweli, nilimchukia siku ile. Mtu aliyezoea kuitwa daktari kijiji kizima hakutaka kuonekana mbele ya daktari wa kweli kuwa ni mchoma ng'ombe, na kwa ajili hiyo alikuwa tayari kumwacha mwanawe apigwe dawa gizani.

Na wodi yenyewe nayo ilikuwa na mambo yake. Vitanda vilikaribiana hata mgonjwa angeweza kumshika mwenzake mkono. Bomba la maji lilikuwa kavu, maji tulinunua kwa madebe ya barabarani. Glavu ulitakiwa uje nazo mwenyewe, na ukikosa unaazima kwa jirani. Vidonda vya wote waliolala upande ule vilisafishwa kwa beseni moja, likimwagwa na kusuuzwa kidogo kati ya mtu na mtu. Sista Blandina, muuguzi mmoja mnene mwenye huruma, alikuwa akisema kila siku kwamba hivi sivyo alivyofundishwa, na kila siku alifanya hivyo hivyo kwa sababu alikuwa peke yake na wagonjwa ni wengi. Kitanda cha pili kutoka kwa Salu alilala mama mmoja aliyemwagikiwa na uji wa harusini. Alikuwa amekaa pale muda mrefu kuliko mtu yeyote, na usaha wake ulikuwa wa kijani. Nasi ndugu tuliingia wengi wengi, tunasalimia kitanda hadi kitanda, tunashika mashuka, tunagusa bandeji kuuliza "hapa panauma?", kisha tunahamia kwa mwingine. Ndivyo tulivyolelewa. Kumpita mgonjwa bila kumgusa ni dharau.

Salu hakulia sana. Bandeji zilipokuwa zinabanduliwa alinishika kidole kwa mkono wa kushoto na kufumba macho. Mara moja aliniuliza kama kuku wake alitoka kwenye moto. Sikujua. Nikasema alitoka na vifaranga vyote, naye akatabasamu kidogo.

Daktari Keneth akaanza dawa. Ya kwanza haikufanya kitu. Akabadilisha, homa ikashuka nusu siku ikarudi juu. Waliweka mpira wa mkojo, waliweka dripu, mkono uliobaki ukawa hauna mshipa wa kuchomwa. Ndipo bandeji za Salu nazo zikaanza kutoka na rangi ya kijani, na ile harufu tamutamu inayokera, ambayo nikiisikia mahali popote hata leo nasimama. Kila alipopita, daktari alimuuliza kaka yangu lile swali lake, na kila mara kaka yangu alijibu maji na asali.

Mwishowe daktari alichukua usaha kwenye kijiti cha pamba, akaupeleka Mwanza kwa basi, kwa wataalamu wa vipimo. Kwetu hakukuwa na uwezo huo. Majibu yaliporudi alituita mimi na Mahona kwenye chumba chake, akafunga mlango.

"Vijidudu vilivyo kwenye vidonda vya Salu vimekuwa sugu," alisema. "Wamevijaribu kwa dawa tulizonazo kabatini, zote. Hakuna inayovigusa. Ipo moja ambayo inaweza kuvipata, hatunayo. Nimeagiza Mwanza, inakuja. Lakini mtoto amechoka na sumu imeshaingia kwenye damu."

"Sugu maana yake nini?" nikamuuliza.

"Vijidudu ukivipiga kidogo ukaviacha, vile dhaifu vinakufa, vyenye nguvu vinabaki na kuzaana. Ukivipiga tena kidogo, vinavyobaki vina nguvu zaidi. Mwisho wake unapiga tu, havisikii."

Kaka yangu alikuwa anaangalia mikono yake. Nilisikia pumzi yake inabadilika. Kisha akasema yote, kuanzia chupa ya njano hadi vidonge vya mwisho, kwa kufuatana, bila kuruka. Alisema na jinsi alivyokuwa akiacha homa ikishuka. Alipomaliza alikuwa analowa jasho.

Daktari Keneth hakumkaripia. Aliandika yote, kisha akasema, "Mzee, hiyo ya ng'ombe niliijua. Salu aliniambia siku mliyofika, ulipotoka kwenda kutafuta maji."

Mahona akainua kichwa.

"Aliniomba nisikwambie kwamba amesema. Alisema baba akijua kwamba najua, ataona aibu na hatakuja kumwona tena. Nikamwahidi. Lakini yeye aliijua ya njano tu kwa sababu chupa yake anaifahamu. Zile nyingine hakujua ni nini. Ndiyo maana sikuacha kukuuliza."

Sijawahi kumwona kaka yangu akilia, hata tulipomzika mama. Siku ile alilia kama mtoto, kwa sauti, na mimi niliyekuwa nimemchukia nikajikuta nimemshika bega.

"Ningesema siku ile, angepona?" aliuliza.

"Ningekuwa nimeruka dawa mbili tatu ambazo zimetupotezea muda," daktari akasema. "Lakini sitakudanganya. Labda hivi vijidudu vilitoka nyumbani pamoja naye. Labda alivipata humu wodini, kwenye beseni letu, kutoka kwa yule mama, kwenye mikono yetu. Kuungua sana, kuchelewa, dawa za nusunusu, kulala hospitali muda mrefu, mipira tuliyomwekea, vyote vinafungua mlango. Mlango gani viliingilia, siwezi kuapa."

Mahona alirudi wodini akakaa karibu na Salu. Sikusikia alimwambia nini. Nilimsikia mtoto akisema, polepole, "Baba, usimkasirikie daktari. Ni mimi niliyesema." Naye akamjibu kwamba hajamkasirikia mtu.

Dawa ya Mwanza ilifika. Alichomwa, na asubuhi iliyofuata alikunywa uji nusu kikombe, tukaanza kuambizana kwamba mtoto anarudi. Mchana akaanza kuhema haraka. Alifariki kabla ya saa za kutazama wagonjwa, akiwa amenishika kile kidole changu.

Tulimzika Lingeka. Na msiba kwetu, anayejua anajua, kilio kikishatulia huanza swali. Mtoto hafi hivi hivi. Jioni ya siku ya pili wanaume walikaa karibu na zizi, sisi wanawake tunapeleka chakula, na nilipokuwa naweka sufuria nikasikia baba mdogo Shigela anazungumza kwa sauti ya chini.

"Mahona, tumeshauriana. Kesho twende kwa mganga, atuonyeshe mkono uliofanya hivi. Pamba haiwezi kumchagua mtoto mmoja kati ya wote."

"Na kuna wa kumwanzia," akadakia mwingine. "Nani aliyemgusa wa kwanza? Nani alifukuza watu wasimpake dawa? Mwanamke anaishi peke yake, macho yale mekundu."

Hakuna aliyetaja jina. Hakukuwa na haja. Mayu Nyanjige alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anachambua mboga pamoja na sisi, amevaa kaniki ya msiba, hajui kitu. Na kwa wasiojua miaka ile Usukumani, niwaambie: jina la kikongwe likishatoka kwa mganga, halikai muda mrefu kabla ya mapanga. Tulizika vikongwe wa namna hiyo katika vijiji vya jirani, na hakuna aliyewahi kuona aliyewakata.

Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa amepewa njia. Akinyamaza tu, asikubali wala asikatae, mtoto wake angekuwa amerogwa, na yeye angebaki baba aliyeonewa, na daktari wa Lingeka. Nilijua alivyo na kiburi. Nilikuwa na hofu kubwa kuliko ile ya hospitali.

Mahona alisimama. Akaita kwa sauti, hata wanawake tukageuka, akamwomba mayu Nyanjige asogee, akampa kigoda chake akae mbele ya wanaume wote.

"Huyu ndiye aliyemmwagia mwanangu maji," alisema. "Daktari ameniambia ndiyo dawa pekee ya maana aliyopata nyumbani kwangu. Aliniambia nimpeleke hospitali siku ileile, nikamdharau. Nikamchoma Salu dawa ya ng'ombe. Nikamchoma nyingine, na nyingine, nusunusu, kama ninavyowachoma ninyi. Dawa zikazoeleka, hospitali wakakosa ya kumpa. Kwa mganga siendi. Mnayemtafuta ni mimi."

"Mahona," baba mdogo akasema, "majonzi yanakupoteza akili."

"Akili ninazo. Mwanangu alinifichia aibu yangu mpaka anakufa, baba mdogo. Sitamtwika mtu mwingine."

Nilisubiri aongeze yale mengine ya daktari, ya beseni na ya yule mama wa uji, maana ilikuwa haki yake kuyasema. Hakuyasema. Aliuchukua mzigo wote akaubeba peke yake, kwa sababu angeacha hata kipande kimoja chini, wangekiokota wakamtwika mayu Nyanjige.

Wanaume walikula, wakatawanyika. Baadaye wengi waliacha kupita kwake, na wapo waliosema alimtoa mtoto kafara ili ng'ombe wake waongezeke. Wengine walikwenda Mwanhuzi wakanunua mabomba yao ya sindano, na mpaka leo wanachoma mpaka ng'ombe asimame, kisha wanaacha. Mahona anawaambia, hawamsikilizi. Sasa wanamwita mwoga.

Mayu Nyanjige aliishi miaka mingi baada ya pale. Alikufa kwa uzee, amelala kitandani kwake.